Breki za nyuma zililala, za mbele zikachemka

Fundi wa kwanza alisema masta, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, nikanunua masta. Wa pili alisema pedi, vile vibao vinavyobana diski, nikanunua pedi. Hela ya kabichi za wiki tatu ikaishia kwenye duka la spea, na gari likaendelea kunifanyia yale yale: asubuhi breki zipo, nikifika kwenye kona za chini ya Soni zimeondoka.

Gari lenyewe ni Hilux ya 1994, LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Nabebea mboga kutoka upande wa Lukozi, napita Lushoto mjini, nashuka hadi Mombo kwenye barabara kuu ambako wanunuzi wa Dar wanasubiri. Lushoto hadi Mombo ni kilometa 33 hivi, na ndani ya hizo unashuka karibu mita 1,000. Anayeijua ile barabara hahitaji maelezo zaidi. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na basi unalisikia honi kabla hujaliona.

Siku iliyonitia akili nilikuwa nimejaza mpaka juu ya bodi. Kona ya tatu au ya nne baada ya Soni nikakanyaga, pedali ikazama laini kama nimekanyaga godoro. Nikapampu mara tatu, ikarudi kidogo, ikazama tena. Nikarudisha gia ya pili, halafu ya kwanza, injini ikapiga kelele mpaka abiria wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili. Nikavuta handibreki, ikaja juu yote na haikushika kitu. Hilo la handibreki liweke akilini, tutalirudia.

Tulifika Mombo tukitambaa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Baada ya saa moja ya kubishana bei nikarudi garini, nikakanyaga: pedali ngumu, safi, kama si yeye. Ndiyo maana kila fundi niliyempelekea gari asubuhi alikuwa ananitazama kama mzushi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja pale Mombo ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe na jeki mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inafanyaje?"

"Masta nimeshabadilisha, pedi nazo nime..."

"Sijakuuliza umenunua nini. Nimekuuliza inafanyaje."

Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa naendesha gari lile miaka minne na sikuweza kueleza mguu wangu unasikia nini. Akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akasimama mlangoni, akaanza kunifundisha kukanyaga.

Kwanza, washa injini, kanyaga kwa nguvu ya kawaida, halafu shikilia bila kuachia, uhesabu mpaka 60. Pedali ikizama polepole kuelekea chini huku mguu umetulia, kuna mahali mafuta yanapita. Ama yanavuja nje na utayaona kwenye gurudumu au kwenye bomba, ama raba za ndani ya masta zimechoka na mafuta yanarudi nyuma bila hata tone kuonekana. Yangu haikuzama. Maana yake masta ya zamani, ile niliyoitupa, huenda ilikuwa nzima. Niliumia.

Pili, ikiwa pedali inakwenda mbali mara ya kwanza lakini ukipampu haraka mara ya pili inapanda juu, angalia dramu za nyuma kabla ya kitu kingine. Shuu, vile vibao vya ndani vinavyotanuka kubana dramu, zikiwa mbali nayo, kanyago la kwanza linaishia kuzisogeza tu, la pili ndilo linalobana. Yangu ilikuwa hivyo hata ikiwa baridi, ila nilishaizoea nikadhani ndiyo tabia ya magari ya zamani.

Ikiwa inadunda kama mpira, hiyo ni hewa ndani ya mabomba. Au ni mvuke, na mvuke ndio uliokuwa unataka kuniua, kwa sababu ukipoa unageuka tena kuwa maji na ushahidi unapotea.

Pedali ngumu kama jiwe, gari halisimami: hiyo ni busta, kile chombo kinachousaidia mguu kwa mvuto wa hewa. Kwenye dizeli kama hizi injini haitengenezi mvuto wa hewa yenyewe kama ya petroli, kwa hiyo kuna pampu ndogo iliyofungwa mgongoni mwa oltaneta inayofanya kazi hiyo. Nimeshaona mtu amefungiwa oltaneta ya mtumba, chaji inaingia vizuri, taa zinawaka, lakini pampu yake imekufa, na akahangaika na pedi mwezi mzima. Kupima ni rahisi. Zima injini, kanyaga mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta linafanya kazi. Isiposhuka, fuata mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye busta, ukague nyufa na vibano vyake kabla hujafikiria kununua busta.

Gari likivuta kulia unapokanyaga, mara nyingi mgonjwa ni wa kushoto. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, imeganda, au shuu zimeingia mafuta, au hozi ya raba imevimba kwa ndani. Hozi ni mdanganyifu. Nje inaonekana mpya, ndani imebana mpaka mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Baada ya somo la mguu likaja la mkono. Mzee akaniambia nipande na mzigo ule ule mpaka karibu na Soni, nigeuze, nishuke kwa gia ndogo taratibu, nikifika nisimwage maji wala nini. Nikafanya. Akapitisha kiganja karibu na rimu za mbele, bila kugusa, akakirudisha haraka. Akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya dramu kabisa, akakiacha pale huku ananiangalia.

"Hizi zimelala," akasema.

Dramu zilikuwa za uvuguvugu wa jua tu. Tani nzima ya kabichi ilikuwa inasimamishwa na diski mbili za mbele peke yake.

Tukaweka magogo mbele ya matairi, tukapandisha nyuma, tukashusha kwenye stendi. Usiingie chini ya pikapu iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika mbili. Dramu ilikataa kutoka. Usiipige nyundo pembeni. Zina matundu mawili yenye nyuzi, unaingiza boliti mbili za spana namba 12, unakaza kidogo huku kidogo huku, dramu inajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, lile vumbi si la kuingiza kifuani. Limwagie maji, futa na kitambaa, tupa.

Shuu zangu zilikuwa nene, karibu mpya. Na hapo ndipo akili ilipokuja, kwa sababu shuu zinazofanya kazi kwenye mlima ule haziwezi kubaki mpya. Kwenye breki hizi shuu zinajikaza zenyewe kila unapovuta handibreki: waya unavuta kichuma cha umbo la kiwiko kilichofungwa nyuma ya lile bamba la breki, kiwiko kinasukuma mkono wa ndani, mkono unazungusha nyota inayosogeza shuu. Kile kiwiko kiko wazi kwa tope na maji. Changu kilikuwa kimeganda kwa kutu pande zote mbili, na kwa vile mimi nimezoea kuegesha kwa gia na jiwe, sijui ni miaka mingapi hakijasogea. Tukakitoa, tukakisugua kwa msasa, tukapaka grisi, tukabadilisha na raba yake ya kuzuia vumbi. Nyota tukaizungusha kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma mpaka dramu ikaanza kukwaruza, tukairudisha kidogo. Pedali ikapanda palepale.

Ukiwa humo ndani, funua raba za wili silinda, zile pampu ndogo zinazosukuma shuu. Zikiwa na unyevu, badilisha. Na ukikuta shuu zimelowa, nusa: mafuta ya difu, yale ya gia za ekseli ya nyuma, yana harufu nzito ya uvundo ambayo mafuta ya breki hayana. Yakiwa ya difu, sili ya ekseli imekufa, na kabla hujafunga mpya zibua tundu la pumzi juu ya difu. Likiziba, difu ikipata moto inasukuma mafuta yatokee kwenye sili, hata uwe umeifunga jana. Shuu zilizolowa wapo wanaoziosha kwa petroli na kuzichoma moto. Mimi nanunua nyingine.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akaniuliza nani ameongeza springi.

Ni mimi. Nilikuwa nimeongeza mbili kila upande ili gari lisilale kwa mzigo, kama wanavyofanya karibu wote huku. Akanionyesha valvu iliyofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, na fimbo inayoteremka kutoka kwenye valvu hadi kwenye ekseli. Bodi ikishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia valvu ifungulie breki za nyuma presha zaidi; bodi ikiwa juu, gari tupu, inabana ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Springi zangu zilikuwa zinaishikilia bodi juu hata nikiwa na tani moja. Valvu iliamini siku zote kwamba gari ni tupu. Nilinunua springi za kubebea mzigo zaidi, na hizo hizo zikaninyima breki za kuusimamishia.

Wapo wanaokata shauri kwa kufunga ile fimbo na waya ibaki juu. Usifanye hivyo, siku ya mvua ukiwa mtupu nyuma itakupita mbele. Mimi nilitoa springi zile nilizoongeza, nikaangalia kwamba fimbo haijapinda na valvu haijaganda, na nikapunguza magunia. Faida ya safari imepungua, ni kweli.

Yamebaki mafuta. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka mpaka 140 hivi. Yangu yalikuwa ya rangi ya kahawa, na sikumbuki kuyabadilisha, nilikuwa naongezea tu. Diski za mbele zikifanya kazi ya magurudumu manne, kufika hapo ni kona chache. Sasa namwaga yote kila baada ya miaka miwili, DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Usijazie mafuta ya stelingi wala ya injini, hata tone, maana raba zote zitavimba.

Kutoa upepo nafanya na mke wangu, yeye kwenye pedali, mimi chini na spana namba 10 na mpira wa kuonea ulioingizwa kwenye chupa. "Kanyaga. Shikilia." Nafungua, nafunga. "Achia." Asiachie kabla sijafunga, tuligombana sana mwanzoni. Tunaanza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, tunamalizia kwenye ile valvu ya nyuma kwa sababu ina nipeli yake ya kutolea upepo na wengi wanaisahau. Chini ya pedali naweka kipande cha mbao. Masta iliyotumika miaka mingi ina kutu kule mwisho ambako raba hazifiki kila siku, ukiikanyaga mpaka sakafuni unazichana, na jioni unakuta umejitengenezea ugonjwa mwingine.

Jaribu kwanza uwanjani, mwendo wa mguu, gari tupu. Na mlimani shuka kwa gia ile ile uliyopandia.

Siku hizi nikishuka na mzigo nasimama Soni dakika tano, nazunguka gari na kiganja. Juzi wa kushoto nyuma alikuwa amepoa kuliko wenzake. Nikavuta handibreki, nikachungulia chini kile kiwiko, hakikuwa kinarudi chote. Niliteremsha magunia sita kwa mwenzangu mwenye Canter, nikafika Mombo na gia ya pili, nikaenda moja kwa moja kwenye mwembe.