Kabla Hamjashika Mkasi: Kwa Wanagenzi Wanaopunguza Makoti Mazito

Wiki hii nimemkuta mwanagenzi akipunguza mbavu za koti zito la sufu ambalo mteja alilijaribu juu ya fulana tu, na alikuwa tayari ameshafungua mkasi ili apunguze akiba ya mshono, yaani kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani ya mshono. Ni wa tatu ninayemkuta akifanya hivyo, na wote watatu ni vijana wenye mkono mzuri ambao ningewakabidhi suruali yoyote bila wasiwasi. Nawapenda, na ndiyo maana nimekasirika kiasi cha kukaa chini na kuandika.

1. Ovakoti halipimwi juu ya shati. Mteja aje na atakachokivaa ndani, kiwe koti la suti au sweta zito, afunge vifungo vyote, aketi, kisha anyooshe mikono mbele kama anayefungua mlango. Asipokuja nacho, mwambieni arudi siku nyingine, hata kama ana haraka na hata kama amekunja uso.

2. Akiba ya mshono si mali yenu. Hapa naomba mnivumilie, kwa maana jambo hili lilinipata mimi mwenyewe.

Mama mmoja aliniletea koti refu la sufu ya rangi ya kahawia, lililomzidi kifuani na kiunoni. Ilikuwa siku ya joto, naye alikuwa amevaa blauzi nyepesi. Nikalibana kwa pini hadi likamkaa vizuri mno, akajigeuza mbele ya kioo na kutabasamu. Niliingiza sentimita 1.5 katika kila mshono wa ubavu, na kwa sababu upande wa mbele hupoteza 1.5, upande wa nyuma 1.5, na mbavu ni mbili, koti lilipungua sentimita 6 kwa mzunguko. Hesabu hiyo niliijua. Nisilolifikiria ni sweta. Sikupiga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, na kumwita aje kujaribu, bali nilishona moja kwa moja kwa cherehani, na kwa kuwa akiba iliyobaki ilikuwa nene na haikutaka kulala chini ya bitana, niliikata yote nikabakiza sentimita 1, nikapiga pasi, nikafunga bitana. Mshono ulilala kama karatasi. Nilijivunia sana.

Alirudi baada ya miezi miwili, msimu wa baridi ulipoanza, akiwa na sweta la shingo ndefu. Hakusema neno. Alivaa koti mbele yangu, akavuta pande mbili, na kifungo cha katikati kikafika kwenye tundu lake kwa shida, huku mikunjo ikitawanyika kutoka kwenye kifungo hicho kwenda pande nne. Aliponyanyua mkono, nilisikia uzi ukilia chini ya kwapa. Nilifumua bitana palepale, huku nikijua nitakachokikuta: sentimita 1 ya kitambaa, ambayo ingeniachia nusu sentimita tu ya kutanua. Vile vipande virefu vya kahawia vilikuwa vimeshatupwa pamoja na takataka.

Nilichofanya ni kukata kitambaa kutoka kwenye pindo la chini, nikaunganisha vipande na kuvipachika kama utepe ubavuni, kisha nikalitengeneza pindo upya kwa kitambaa kingine. Koti lilifunga. Lakini nyuzi za pindo zilikuwa zimekatwa kwa upana, na zile za ubavu zinakwenda kwa urefu, hivyo vinyweleo vya sufu vililala pande tofauti, na kila alipopita penye mwanga ule utepe ulionekana kama wa rangi nyingine. Sikumtoza hata senti. Alinishukuru kwa adabu, hakurudi tena, na mpaka leo nikifumua koti la kahawia mkono wangu huwa mzito.

Kwa hiyo akiba ikikataa kulala, ifungueni kwa pasi pande mbili, na panapokaza kiunoni itieni vikato vifupi. Msiipunguze.

3. Mabega yakimzidi mteja sana, mwambieni ukweli kabla hajalipa chochote. Kuyapunguza ni kuondoa mikono yote miwili, kupunguza kipande cha bega na kuipachika mikono upya, na si kila koti linastahili gharama hiyo.

4. Mkono wa ovakoti ufunike mkono wa koti la ndani na ncha ya shati. Ukiwa na matundu halisi ya vifungo, hautapunguzwa kutoka chini ila kidogo sana. Itabidi mpande juu, begani.

5. Msipige pasi sufu ikiwa uchi, kwa sababu itang'aa. Wekeni kitambaa chenye unyevu, kisha acheni mshono upoe kabla ya kuunyanyua.

6. Rinda la bitana mgongoni lipo ili mtu aweze kukumbatia. Mkipunguza mshono wa mgongo, lirudisheni kama lilivyokuwa.

Koti la wiki hii bado limetundikwa likiwa na bandi nyeupe mbavuni. Mteja anakuja Alhamisi, na ameahidi kuja na sweta. Mkasi mkubwa uko kwenye saraka yangu. Anayeutaka kabla ya siku hiyo aje aniambie kwanza anataka kukata nini.