Ushauri kwa Wanasaikolojia Wanaoanza Kuandika Wikipedia

Wahadhiri vijana na wanafunzi wa uzamili wa saikolojia wanaponiuliza waanzeje kuandika Wikipedia, kwanza huwaambia kwamba shahada zao hazitawapa kauli huko, na kwamba hakuna dharau katika hilo. Kamusi elezo hii, iliyoanza Januari 2001, haina utaratibu wa kuhakiki nani ni profesa na nani ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mhariri mmoja mashuhuri wa toleo la Kiingereza, aliyejitambulisha kuwa profesa wa masuala ya dini, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizodai. Ndiyo maana ukiandika kwenye ukurasa wa majadiliano, yaani ukurasa ulio nyuma ya kila makala ambako wahariri hujadiliana, kwamba wewe ni mtaalamu wa jambo fulani, hutasikilizwa zaidi ya mwingine. Utasikilizwa ukitaja kitabu, mwaka na ukurasa.

Faida tuliyo nayo kuliko wahariri wengine ni kujua chanzo kipi kina uzito. Chukueni dhana kwamba uwezo wa mtu wa kujizuia hupungua kadiri anavyoutumia. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walieleza jaribio ambamo washiriki walioketishwa mbele ya biskuti za chokoleti lakini wakaruhusiwa kula figili tu waliacha mapema kushughulika na mafumbo yasiyo na jibu, kuliko wale walioruhusiwa kula biskuti. Mhariri asiyeifahamu taaluma akikutana na ripoti ya jaribio hilo ataandika kwamba "sayansi imethibitisha" dhana hiyo, ataitaja kama chanzo halisi kutoka jarida linaloheshimika, na hatakuwa amevunja sheria yoyote iliyo wazi. Mwanasaikolojia anajua kwamba mwaka 2016 maabara 23 zilifanya jaribio la aina hiyo kwa mpango mmoja, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyopatikana ikawa karibu na sifuri. Sentensi inayofaa kuwekwa kwenye makala ya Wikipedia inataja nani alipendekeza nini, mwaka gani, na nini kilitokea jaribio liliporudiwa, bila kumhukumu mtu. Kuiandika huchukua robo saa, na huenda ikasomwa na watu wengi kuliko sura nzima ya kitabu chako.

Kwa sababu hiyohiyo, utafiti mmoja mmoja usiwe msingi wa makala, hasa katika mambo ya afya ya akili. Mradi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulirudia tafiti 100 za saikolojia, na ni asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu (yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu), wakati asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeyaripoti. Tumieni mapitio ya tafiti, uchambuzi wa jumla (unaounganisha takwimu za tafiti nyingi), vitabu vya kiada na miongozo ya vyombo vya kitaalamu. Wasomi wengi hukwama hapa, maana chuoni tunasifiwa kwa kusema jambo jipya, na katika Wikipedia jambo jipya ndilo lililokatazwa: hitimisho lako mwenyewe, hata liwe sahihi kiasi gani, lazima lichapishwe kwingine kwanza.

Kunukuu kazi yako mwenyewe hakukatazwi kabisa, ila kunatiliwa shaka, na kwa haki. Mimi napendelea mwandishi apendekeze nukuu hiyo kwenye ukurasa wa majadiliano, aseme wazi kwamba kazi ni yake, kisha amwachie mwingine aamue. Anayeingia na kupachika makala zake katika kurasa kadhaa kwa siku moja atahesabiwa kuwa anajitangaza, na michango yake mingine, hata mizuri, itaanza kufutwa.

Kisa cha kadi za Rorschach, kipimo cha saikolojia ambamo mtu huonyeshwa madoa ya wino na kueleza anachokiona, kinastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa wengi wetu tungeingia katika mgogoro ule kwa miguu yote miwili. Mwaka 2009 James Heilman, daktari wa Kanada, aliweka picha zote 10 za madoa ya wino kwenye makala ya Kiingereza. Wanasaikolojia walilalamika kwamba mtu aliyeziona kabla hawezi tena kupimwa ipasavyo, na wakaegemea kanuni zao za maadili. Wahariri walijibu kwamba Hermann Rorschach alichapisha kazi yake mwaka 1921, akafariki 1922, na haki miliki ilikuwa imekwisha; tena kanuni za maadili za taaluma moja haziifungi kamusi elezo. Picha zilibaki. Naona wanataaluma walikuwa na hoja ya kweli, lakini waliielekeza kwa watu ambao hawakuapa kiapo chetu. Nguvu ile ingetumika vizuri zaidi katika sehemu ya makala inayoeleza ubishi kuhusu uhalali wa kipimo na mfumo wa mwanasaikolojia John Exner wa kukokotoa alama za majibu.

Hakimiliki hukata pande zote mbili. Maswali ya dodoso la Beck la kupima sonona, toleo la 1996, yana mwenyewe, na hayanakiliwi. Hata makala uliyoiandika wewe huenda ni mali ya mchapishaji, kwa hiyo usibandike aya zake. Vilevile msimpachike mtu aliye hai utambuzi wa ugonjwa wa akili kwa sababu tu mmemtazama kwenye televisheni.

Mtu akirudisha nyuma hariri yako, nenda kwenye majadiliano kabla ya kuirejesha. Katika toleo la Kiingereza, anayerudisha hariri za wengine zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa. Andika pia muhtasari wa kila badiliko, walau maneno matano.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina wahariri wachache sana, na makala nyingi bado ni mbegu, yaani makala fupi zinazosubiri kukuzwa. Huko hamtapata mabishano makali, bali kurasa fupi zisizo na chanzo hata kimoja, na mkabidhi (mhariri mwenye mamlaka ya usimamizi) anayeshukuru kupata msaada. Anzeni na makala moja ya somo mnalofundisha.

Kuhusu kupandishwa cheo, msitegemee kamati kuhesabu kazi hii kama uchapishaji. Mnachoweza kufanya ni kuiingiza katika ufundishaji: Association for Psychological Science, chama cha wanasaikolojia, ilianzisha mwaka 2011 mpango wa kuwahimiza wanachama na wanafunzi wao kuboresha makala za saikolojia, na zoezi kama hilo linaweza kuchukua nafasi ya insha ya muhula. Mwanafunzi aandike rasimu kwenye ukurasa wake wa majaribio, ulio nje ya makala zenyewe, mhadhiri akague vyanzo, ndipo ihamishiwe kwenye makala yenyewe. Alama zitolewe kwa rasimu, si kwa kile kitakachobaki baada ya wahariri wengine kuipitia.