Njia mbili ndani ya mtaro mmoja

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: “Kaka, mteja wetu analipia njia mbili za faiba, na jana zote zimekufa dakika moja. Inakuwaje?” Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi mbele ya watu kumi na wawili, hapa Kampala, nikakosa la kusema.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa laini ya Kampala na Jinja, na nilijivunia sana mchoro wangu wa mtandao. Ulikuwa pete nzuri: upande mmoja ukikatika, mitambo inageuza mawasiliano upande wa pili ndani ya milisekunde 50, anayeongea na simu hata hajui. Njia ya kwanza ilikuwa yetu. Ya pili tuliikodi kwa kampuni nyingine. Tuliona majina mawili kwenye ankara, tukaamini ardhini nako ziko mbili.

Siku njia zote mbili zilipokufa, nilipima uzi wa kwanza wa kioo kwa OTDR, kile kifaa kinachotuma mwanga na kusikiliza unaporudi, kikaonyesha umbali wa palipokatika. Umekatika kilomita 31. Nikaomba tupimiwe na ule wa kukodi. Kilomita 31. Mikono ilianza kunitetemeka kabla sijatoka ofisini.

Tulipofika, mbele ya Mukono kuelekea Lugazi, kijiko cha watengeneza barabara kilikuwa kimeinua mabomba yote mawili kama mizizi. Pembeni alisimama mzee mchimba mitaro, mtu wa Arua, tukaongea Kiswahili. Akaniambia, “Mwanangu, hizi zote nilizizika mimi. Ya pili waliileta mwaka uliofuata, wakasema tufuate mtaro ule ule, kazi itakuwa rahisi.” Mzee yule alijua jambo ambalo mimi na vyeti vyangu sikulijua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza mtu kama yeye.

Kuunga nyuzi kwenye matope kulichukua usiku kucha. Mteja alikaa gizani kwa muda wa saa 9. Mkataba ulimwahidi mtandao asilimia 99.99 ya muda, yaani asizidi dakika 53 za kukatika kwa mwaka mzima. Usiku mmoja tulikula akiba ya miaka kumi. Barua ya onyo ilikuja kwa jina langu peke yangu, ingawa aliyekataa bajeti ya kukagua njia alikuwa amekaa meza ile ile nilipoulizwa swali. Bado ninayo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usilinde mtandao kwa mchoro. Tembea njia yako kwa miguu. Waulize wanaokukodisha uzi wao umelala wapi, daraja gani, upande gani wa barabara, nao wakuandikie.

Baadaye tulipata njia ya kweli, kwa Gayaza na Kayunga. Nikadhani nimemaliza. Njia kuu ilipokatika tena, mitambo iligeuza vizuri kabisa, na bado wateja wakalia. Njia ya akiba ilikuwa na gigabiti 1 kwa sekunde, mzigo wetu ulikuwa 4. Video zilijaza bomba, simu zikakwaruza, mashine za pesa za benki zikagoma. Bosi alisema ni kwa sababu ya mzunguko mrefu. Sikukubali, na hapo nilikuwa sahihi: mwanga ndani ya kioo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hata ungezunguka kilomita 400 zaidi unaongeza milisekunde 2 tu. Simu huvumilia kuchelewa mpaka milisekunde 150 hivi. Kilichoua simu ni foleni kwenye ruta, mtambo unaoelekeza mawasiliano, ambako kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data, ilihesabiwa sawa na nyingine. Tangu hapo ninapanga mapema nani apite kwanza: sauti, kisha malipo, video mwisho kabisa. Na kila robo mwaka ninaizima njia kuu mwenyewe, saa nane usiku, kwa ruhusa, nione.

Usifikiri ni shida ya Jinja Road tu. Sisi Uganda hatuna bahari. Intaneti yetu hufika baharini Mombasa kupitia Kenya au Dar es Salaam kupitia Tanzania. Wengi walihesabu hizo ni njia mbili. Mei 2024 EASSy na SEACOM, mikongo ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari, ilikatika kusini, na intaneti ikalegea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mikongo hiyo yote miwili inatua Mombasa na Dar pia. Ni mtaro wa mzee wangu, ila umechimbwa baharini. Anayekuuzia mlango wa pili muulize unaingia mkongo upi, usimuulize unaingia mji upi.

Kijana amenijibu leo asubuhi. Ametembea mpaka daraja la mto Manafwa, akainama kuchungulia chini. Mabomba mawili, yamefungwa kwenye ukingo mmoja, kwa waya mmoja.