Boila ya peati haina joto kali, mbona oksidi za nitrojeni ziko juu?

Mkuu, umeuliza kama kipimo chako cha moshi kimeharibika, maana kinasoma oksidi za nitrojeni nyingi ilhali tanuru halifiki hata nyuzi 1,000. Kipimo ni kizima. Mimi nilibadilisha sensa bure kwa jambo hilohilo, tulipoacha kuni tukaanza kuchoma peati, ile mboji inayochimbwa kwenye vinamasi na kukaushwa. Boila ileile, joto lilelile, usomaji ukapanda karibu mara mbili.

Nitrojeni ya hewani haiungani na oksijeni kwa wingi mpaka joto lipite nyuzi 1,300 hivi. Inayokusumbua wewe imo ndani ya peati yenyewe: mara nyingi asilimia 1 hadi 3 ya uzito mkavu, wakati kuni safi kwa kawaida hazifiki 0.5. Bonge likishika moto, sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo hutoka kama amonia na sianidi ya hidrojeni. Gesi hizo zikikuta oksijeni tele palepale, zinageuka oksidi. Zikinyimwa oksijeni kwa kitambo kidogo, nyingi huishia kuwa nitrojeni ya kawaida, ambayo haina madhara.

Kosa langu la pili ndilo naomba usilirudie. Nilifungulia feni ya chini ya wavu unaobeba moto, nikaona usomaji umeshuka kutoka ppm (sehemu kwa milioni) 210 hadi 150, nikafurahi. Lakini oksijeni kwenye moshi ilikuwa imepanda kutoka asilimia 11 hadi 14. Nilikuwa nauzimua moshi tu. Piga hesabu: zidisha ppm kwa 2.05 upate miligramu kwa mita ya ujazo, kisha zidisha kwa 15 na ugawe kwa (21 kutoa oksijeni uliyopima), ili usomaji uwe kwenye kiwango cha oksijeni asilimia 6 kinachotumika kwa nishati ngumu. Ile 210 inatoa 646. Ile 150 iliyonifurahisha inatoa 659! Watu wanaoishi karibu na bomba la moshi walikuwa wanavuta uchafu uleule.

Kilichosaidia ni kupunguza hewa ya chini na kuihamishia kwenye matundu ya juu. Moto ulirefuka, ukawa wa rangi ya chungwa iliyokolea, na oksijeni ikatulia kwenye asilimia 8. Kipimo kikasoma 180, yaani 426. Nenda polepole, robo mzunguko kwa kila marekebisho, na macho yako yasiondoke kwenye kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka moto ukikosa hewa. Ikianza kuruka, umebana mno au hewa ya juu haichanganyiki vizuri na moto.

Kunyunyizia urea, kemikali inayotoa amonia ya kuvunja oksidi hizo, kunawezekana, ila panatakiwa nafasi yenye nyuzi 850 hadi 1,000 hivi. Chini ya hapo amonia inatoka na moshi. Juu yake, inaungua na kukuongezea oksidi zilezile. Anza na hewa kwanza. Ukishapima tena, weka hapa ppm pamoja na oksijeni, tuhesabu wote.