Maswali na majibu: Mhusika wangu anapunga tu mikono

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni kiziwi, naishi Arua, natengeneza filamu fupi za katuni ambazo wahusika wake wanazungumza kwa ishara. Tatu za kwanza nilichora kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, kwenye karatasi na kuipiga picha kwa simu. Ya nne nimehamia kwenye kompyuta. Mhusika nimemkata vipande, na programu inavisogeza yenyewe. Kazi ya miezi mitatu imekwisha kwa wiki tatu. Shida ni kwamba viziwi wenzangu wanaelewa zile za zamani, lakini kwa hii mpya wanasema mhusika anapunga tu mikono. Kuna jamaa wa Kampala anataka shilingi 900,000 anifundishe programu ya akili bandia. Unaandika sentensi, kikaragosi cha 3D kinaitoa kwa ishara. Nihamie huko?

JIBU: Kazi ni nzuri, ndugu yangu. Hizo laki tisa zikae mfukoni kwanza.

Swali hili naletewa mara kwa mara, jina la programu tu ndilo hubadilika. Kazi ya mtu imekwama, naye anaamini dawa iko kwenye programu inayofuata. Wewe angalau umekuja na ushahidi. Mchoraji ni yuleyule, ishara ni zilezile, za karatasi zinaeleweka, ya kompyuta haieleweki. Kilichobadilika ni aliyechora fremu za katikati.

Kwenye karatasi ulizichora wewe. Mkono ukitoka kidevuni kwenda kifuani, ulijua kiganja kinageukia wapi njiani, kwa sababu ndivyo unavyozungumza kila siku. Kompyuta uliipa pozi la kwanza na la mwisho, ikanyoosha mstari baina yake na kuusukuma mkono kwa mwendo mmoja, kama gogo linaloelea mtoni. Mkono wa mtu hauendi hivyo. Unapita kwa upinde, unatua, unatulia kidogo, ndipo unaondoka. Kule kutulia ndiko jicho linakosomea, na programu yako imevila vituo vyote.

Piga hesabu ya herufi za vidole, pale unapolitaja neno herufi moja moja kwa mkono. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Wengi wetu tunachora 12, kila mchoro unakaa fremu mbili. Mtu mwepesi anaweza kupitisha herufi tano kwa sekunde, kwa hiyo kila herufi inapata michoro miwili na kidogo. Ukiiachia programu mmoja kati ya hiyo, itakutolea vidole vilivyo nusu herufi hii na nusu ile. Hilo si umbo la herufi yoyote. Kwa katuni inayozungumza kwa mdomo halina madhara, ndiyo maana mafunzo ya intaneti yanaisifia sana njia hiyo.

Kwa hiyo programu isikugeuzie vidole hata kimoja. Chora viganja kamili, kila umbo mchoro wake, wa mbele, wa nyuma na wa ubavuni, na kiganja kizima kibadilike kwa fremu moja, pap! Bega na kiwiko waweza kuiachia, ila njia uipinde mwenyewe, na mwisho wa kila ishara mkono utulie fremu tatu au nne. Kabla ya yote jipige video ya fremu 60 kwa sekunde, nje, kivulini, mchana. Ndani ya nyumba yenye taa moja simu huchelewesha shata, na mkono unatoka kama moshi. Nyusi, ambazo nazo ni sehemu ya ishara, sikufundishi, unazijua kunishinda. Nakuuliza tu kama ulizikata kipande chake peke yake au umezichora zikagandia kichwani.

Vipande vyenyewe havina kosa. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata karatasi nyeusi kwa mkasi, na filamu yake ndefu ya 1926 bado inaonyeshwa hadi leo. Ila vile vilikuwa vivuli, na mkono wa kivuli ukipita mbele ya kifua unamezwa. Chunguza kama shati la mhusika wako halikaribiani na rangi ya ngozi yake.

Mimi mwenyewe nimeshaaibika. Nilipewa tangazo la afya nikamchora muuguzi mwenye vidole vinne, jinsi katuni za Marekani zilivyotuzoesha tangu enzi za Mickey Mouse, maana kidole kimoja kikipungua kazi ya kuchora inapungua. Mzee mmoja kiziwi akaangalia mpaka mwisho, akaninyooshea mkono wake, akakikunja kidole cha mwisho, kisha akaniuliza muuguzi wangu alikatwa na nini. Nilichora viganja vyote upya.

Sasa huyo wa laki tisa. Mwambie aandike sentensi moja mbele yako: daktari alimpa mama dawa, mama akamrudishia. Wewe kwa ishara utamweka daktari huku na mama kule, na kitenzi kitasafiri baina yao kisha kirudi. Vikaragosi nilivyoonyeshwa mimi hupanga neno baada ya neno, Kiingereza kilichovishwa mikono, na ishara nyingi ni za Marekani, si za Uganda. Zile programu nyingine zinazobuni video nzima ndizo mbaya zaidi. Nimeona vidole sita, nimeona viwili vimeungana kama ndizi pacha. Anayeuza kitu hicho kwa laki tisa, huku hajui hata kusalimia kwa ishara, mimi namwita tapeli.

Kinachonikera zaidi ya matapeli ni wanaonunua kwao. Wanakuja watu wa miradi, wanataka kikaragosi kwenye kona ya skrini kwa sababu mkalimani atadai malipo. Wanakiweka kidogo kama stempu ya barua, hakuna kiziwi aliyeitwa kukikagua, na ripoti inaandikwa kwamba viziwi wamefikiwa. Katika lugha nyingi za ishara, kutikisa kichwa peke yake kunaweza kukanusha sentensi. Fikiria tangazo la Ebola, hapa kwetu ambako Ebola si hadithi, linasema usiguse maiti, na kikaragosi hakitikisi kichwa. Aliyetazama ameambiwa aguse. Mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha dunia cha wakalimani wa ishara walitoa tamko la tahadhari kuhusu vikaragosi hivi, na wakataka viziwi wenyewe wahusishwe. Mteja wangu mmoja nilimsomea. Akaniuliza kama toleo la bei nafuu lipo.

3D siipingi. Blender, programu ya kuchora 3D, ni ya bure, na kila kidole unakipa mifupa yake ukakiamuru unavyotaka. Lakini mkono unaopaswa kugusa kidevu utazama ndani ya shavu au utaelea pembeni usipousimamia fremu kwa fremu. Kazi uliyoikimbia kwenye karatasi utaikuta imekutangulia.

Filamu ya nne usiitupe. Chukua dakika ya kwanza tu, badilisha viganja, weka vituo, kisha waonyeshe viziwi wawili ambao hawakuiona, bila maandishi chini, kila mmoja peke yake, na wakusimulie walichoelewa. Watu hao walipe. Ukitaka na mimi niione, usiitume WhatsApp kama video, maana inabanwa na vidole vinageuka uji. Itume kama dokumenti.