Daraja la mshahara wa mwalimu wa Kiingereza hapa Lubumbashi: uangalie nini kabla ya kusaini

Mdogo wangu uliyeuliza juzi: umemaliza lisansi (shahada) ya Kiingereza ISP, chuo cha ualimu, unakaa Katuba, na una ofa mbili. Shule ya binafsi mtaa wa Golf inakupa dola 250 kwa mwezi na imekuandika "G3". Kituo cha lugha mjini kinatoa dola 6 kwa saa, jioni nne kwa wiki, saa tatu kila jioni. Unataka kujua kwa nini unaitwa G3 wakati una lisansi, na wapi kuna makuta zaidi. Nimepita shule ya Kanisa inayolipwa na Serikali, shule ya binafsi, kituo cha jioni, hata kufundisha wafanyakazi wa mgodi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Wenye bando dogo mnisamehe.

Tuanze na G3. Hizo ni alama za Serikali. D6 ni mwenye diploma ya Serikali ya sekondari. G3 ni aliyeongeza miaka mitatu ya chuo, yaani graduati. L2 ni aliyesoma mingine miwili baada ya hapo akapata lisansi ya zamani, jumla mitano. Wewe ni mtoto wa LMD (lisansi, masta, doktora), mfumo ulioanza kuenea vyuoni kwetu mwaka wa masomo 2021-2022, na lisansi ya LMD inachukua miaka mitatu. Mwenye shule amehesabu miaka yako, hakutazama jina la cheti. Mimi nisingegombana naye kwa hilo. Ungekuwa na lisansi ya zamani akakuandika G3, hapo ningekwambia umrudishie karatasi yake siku hiyohiyo. Na wale wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliosoma Barua (lugha na fasihi) bila agregasyo, cheti cha kufundisha, wajue kwamba shule inaweza kuwaambia wana elimu lakini hawana ualimu, na daraja likashuka. Ninyi wa ISP mmesomea kufundisha tangu mwaka wa kwanza. Liseme hilo wazi unapojadiliana.

Lakini G3 peke yake hainunui bukari (ugali). Kwenye shule za Serikali na za Kanisa, tofauti kubwa ya mfukoni haiko kati ya G3 na L2. Iko kati ya mwalimu mekanize, yaani ambaye namba yake ya matrikuli imeingia kwenye orodha ya malipo, na yule ambaye bado. Asiye na namba tunamwita NU. Mwenye namba lakini hajaanza kulipwa ni NP. Mafaili hayo yalikuwa SECOPE, ofisi ya Serikali ya malipo ya walimu, siku hizi ni DINACOPE. Unaweza kuwa L2 na NU kwa wakati mmoja, na jirani yako wa chumba cha walimu ni D6 mekanize: mwezi ukiisha yeye anakwenda benki, wewe unamngoja prefe, mkuu wa shule, agawe primu, pesa wanazochanga wazazi. Mimi nimeishi hivyo, na sikuwa peke yangu. Shule ikikwambia "tutakupangia baremi ya L2", yaani kiwango cha mshahara cha L2, swali la kwanza ni nani atalipa na faili lako limefika wapi.

Hiyo primu nayo ina daraja lake, ambalo haliandikwi popote. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za umma. Sisi wa Kiingereza tuko sekondari, ambako wazazi wanaendelea kulipa. Kwa hiyo G3 kwenye shule yenye wazazi wanaofanya kazi kwenye kompanyi anaweza kumpita L2 wa shule ya mitaa yetu ya Kenya au Katuba, na wote wawili wana karatasi sahihi. Prefe mmoja anagawa kwa idadi ya saa, mwingine kwa miaka ya kazi, mwingine kwa cheti. Ulizia walimu wa pale, si ofisini.

Sasa shule yako ya Golf. Hiyo ni ya binafsi, haikufungwa na baremi ya Serikali hata ikikopa alama zake. Inaongozwa na Kanuni ya Kazi ya 2002, ambayo ina ngazi zake: manevu (kibarua), mfanyakazi stadi, metrizi (msimamizi), kada (wa ngazi ya juu). Muulize mkurugenzi G3 yake inaangukia ngazi gani kati ya hizo. Asipojua, tayari umejifunza kitu. Halafu uliza kama dola 250 ni kabla au baada ya makato. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 5 kwako, na mwajiri anaongeza 13 yake juu. Bado kodi ya mshahara. Asilimia 5 peke yake inaishusha 250 kuwa 237 na nusu. Wakikukata, dai namba yako ya CNSS, maana kuna shule zinakata na pesa haifiki kokote. Wakikataa kukupa mkataba wa maandishi, usikate tamaa pia: kwa sheria, mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa hauna mwisho, mpaka kuwe na ushahidi mwingine.

Jambo lenye uzito kuliko yote hayo ni Julai na Agosti. Shule nyingi za binafsi zinalipa kwa minervali, yaani ada ya wanafunzi, na minervali hailipwi wakati wa likizo kubwa. Dola 250 kwa miezi 12 ni 3,000. Kwa miezi 10 ni 2,500, yaani kama 208 kwa mwezi ukizitawanya mwaka mzima. Hapo G3 yako imeshapungua bila mtu kubadilisha hata herufi moja.

Upande wa kituo: saa 12 kwa wiki kwa dola 6 ni dola 72. Mwezi wa wiki nne unakupa 288, inang'aa kuliko shule. Ila kituo kinakwenda kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi watu hawajajiandikisha. Mvua ya Januari nayo inafuta masomo. Weka wiki 36 za kweli kwa mwaka: 2,592, sawa na 216 kwa mwezi. Ofa zako mbili ziko karibu sana kuliko zinavyoonekana. Tofauti ni kwamba shule itakula asubuhi zako zote pamoja na masahihisho ya nyumbani yasiyolipwa, na kituo kitakurudisha Katuba usiku.

Kituoni wewe ni vakateri, mwalimu wa saa. Madaraja yao mara nyingi yanafuata darasa unalofundisha: wanaoanza wana bei yao, wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya TOEFL au IELTS wana nyingine. (Usishtuke ukiona "A1" kwenye ratiba yao, ni ngazi ya mwanafunzi anayeanza, siyo cheti cha mwalimu.) Omba darasa la mtihani mapema. Na nitasema jambo ambalo wengi wanalinung'unikia chini chini: nimeona mwalimu aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa akitokea Zambia akipewa saa ya bei ya juu kwa sababu ya lafudhi tu, bila cheti cha ualimu. Huo ni upuuzi, lakini upo, na ukiujua unajua pa kubishia.

Kuhusu CELTA uliyoitaja mwishoni, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza: ni mafunzo ya saa 120 hivi, na ndani yake unafundisha saa 6 ukitazamwa. Serikali yetu haitakupandisha daraja kwa ajili yake. Shule za kimataifa, na migodi inayotafuta mwalimu wa wafanyakazi wake, wanaijua. Uingereza, vituo vinavyokaguliwa na British Council vinatenga hata walimu kwa hilo: wenye cheti cha aina ya CELTA wako ngazi ya kuanzia, wenye diploma kama DELTA wako juu yao. Ni ghali kwa mtu anayeanza na dola 250. Mimi ningefundisha kwanza, nikaona kama njia yangu inaelekea huko.

Jibu la Julai na Agosti ukilipata, liandike hapa. Tutaipiga hesabu upya na nauli ya taksibisi ndani yake.