Kwa fundi anayeanza na Land Rover za zamani: pima kabla hujafungua

Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, magari yaliyokuwa yameota majani uani yameanza kuburutwa kuja gereji. Mengi ni Series IIA na Series III za petroli, zile za injini ya lita 2.25. Vijana wanaokuja kujifunza wanalipenda gari hili kwa sababu kila kitu kinaonekana na kila nati inafikika. Tatizo ni kwamba, kwa kuwa linafunguka kirahisi, wanalifungua haraka. Wadogo zangu, injini ikishalala vipande vipande juu ya meza, kuna maswali ambayo haitaweza tena kuyajibu.

Kama inawaka, hata kwa kubembelezwa, anza na kompresheni, yaani nguvu ambayo kila silinda inagandamiza hewa. Iache ipate moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, mwenzako apige stata huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho, na betri iwe na chaji ya kutosha. Pima silinda moja moja na uandike ukutani au kwenye daftari, popote, ila uandike.

Sasa jambo ambalo wageni wa huku juu hulisahau: vipimo vya kitabuni vinamhusu mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Injini nzima kabisa ambayo ingesoma psi 150 Dar es Salaam, hapa itakusomea 127 au 128. Moshi ipo chini kuliko sisi, kwa hiyo pengo ni dogo zaidi, lakini lipo. Nimeshaona injini zisizo na kosa zikihukumiwa kuboa silinda, yaani kuzichonga upya ziwe pana zaidi, kwa sababu fundi aliamini namba ya kitabu bila kukumbuka amesimama wapi.

Mimi naangalia zaidi silinda zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Zote nne zikiwa ndani ya asilimia 10, endelea kwa utulivu. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimechoka. Kisipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao, na huenda kazi yote ya mteja ni hiyo tu.

Tuseme imebidi ufungue. Geji ya kupimia silinda ni ghali na gereji nyingi za mtaa wetu wa Unga Limited hazina, lakini ringi moja na fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) vinatosha kukupa picha. Isukume ringi chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikitembea, ukitumia pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa. Pima mwanya wake. Kisha ipandishe juu, chini kidogo ya ule ukingo unaoushika kwa ukucha, upime tena. Toa kipimo kidogo katika kikubwa, gawanya kwa 3.14, umepata silinda imepanuka kiasi gani. Mfano, chini umepata mm 0.40 na juu mm 1.03: tofauti ni 0.63, maana yake silinda imelika mm 0.20. Hapo ndipo mimi naanza kuzungumza na mteja habari za kuboa. Njia hii haikuonyeshi kama silinda imekuwa yai, yaani si duara tena, kwa hiyo kabla ya uamuzi wa mwisho mwombe mkerezaji apime kwa vifaa vyake.

Ukikubaliana na mteja kuboa, nunua pistoni kwanza. Silinda ya kiwandani ni mm 90.47, na pistoni kubwa zaidi zinatengenezwa kwa saizi za kumi, ishirini, thelathini na arobaini, yaani sehemu za elfu za inchi. Mkerezaji apewe pistoni zenyewe mkononi, azipime, aboe kuzifuata. Ukimpa bloku ukamwambia "toa ishirini" huku pistoni ziko njiani kutoka Nairobi, unacheza bahati nasibu na bloku isiyopatikana tena kirahisi.

Krenki ipime kwa maikromita, kila jono (pale krenki inapokaa kwenye beringi) mara mbili: kwa wima, kisha kwa ulalo. Vipimo viwili visipolingana, imeshakuwa yai na beringi mpya hazitadumu. Ikienda kusagwa, mwambie mtu wa mashine asiikate pembe ya jono ikawa kali; pembe ile ina mviringo kwa makusudi, na nyufa huanzia pale ulipoondolewa. Kuhusu nyufa, huhitaji maabara. Safisha krenki, ilowanishe kwa mafuta ya taa usiku kucha, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatatoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Hedi nayo ipime hivyohivyo, hasa kati ya viti vya valvu.

Thamostati, ile valvu inayofungulia maji ya kupooza injini ikipata moto, ni kazi ya sufuria na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Hapa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo ikiwa maji yanatokota nayo bado imefumba, haina kazi. Ila usije ukaitupa nzuri kwa ile hoja ya kwamba nchi yetu ni ya joto. Asubuhi ya Julai huku si ya joto, na injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kuchakaza silinda.

Distribyuta, inayogawa umeme kwenye plagi: tikisa shafti kwa vidole, ikicheza pembeni bushi zimekwisha. Vuta hewa kwa mdomo kwenye kile kibakuli cha vakyumu, ziba kwa ulimi. Ikishindwa kushika, ngozi ya ndani imetoboka. Kabureta ya Zenith huwa inapinda pale nusu zake mbili zinapokutana. Iweke juu ya kioo chenye msasa laini, uisugue taratibu mpaka ing'ae sehemu zote.

Kwenye breki mimi sina mjadala. Pistoni na silinda za magurudumu zikiwa na shimo la kutu linalokwaza ukucha, hazirudi kwenye gari, labda silinda iwekewe sleevu ya chuma kisichoshika kutu. Mpira wote uwe mpya, uoshwe kwa mafuta ya breki au spiriti. Petroli na oili huvimbisha mpira ule, na uvimbe hauonekani siku ileile. Utaonekana mteja anaposhuka kreta ya Ngorongoro na watoto nyuma.

Spea mpya nayo ipite kwenye vipimo vilevile. Kondensa na rota za distribyuta za siku hizi, hata zikiwa kwenye boksi zuri, nyingine hufa kabla ya ile ya miaka ya sabini uliyoitoa. Ndiyo maana vya zamani nafunga kwenye mfuko, naandika vimetoka wapi, na naviweka mpaka gari litembee safari kadhaa. Kijana wa chuma chakavu akipita na mkokoteni wake, mwambie arudi mwezi ujao.